Jinsi ya Kubuni Desturi ya Jina la Baba kwa Jamii ya Hadithini: Mwongozo Kamili kwa Waandishi

Mwandishi anayebuni nchi isiyokuwepo kwa kawaida huanza na ramani, akaja kwa wafalme na vita vyao, na majina ya watu huyaacha mpaka siku anapoandika mazungumzo ya kwanza. Hapo ndipo huokota kiambishi chenye mlio wa kupendeza, akakibandika mbele ya jina la baba, akaamini kwamba kazi imekwisha. Sura chache baadaye babu, baba na mjukuu wote wanabeba jina lile lile la pili, mke amechukua la mume, mtoto wa kuokotwa ana jina la baba ambaye hakuna anayemjua, na msomaji makini, hasa aliyekulia Unguja, Lamu au Mogadishu, anatambua kwamba anachosoma ni jina la ukoo lililovishwa bin.

Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo hatua kwa hatua. Msimamo wangu ni mmoja: jina la baba ni jibu la swali "wewe ni mtoto wa nani?", na desturi unayoibuni inapaswa kupimwa kwa watu wanaopata shida kulijibu swali hilo, kwa kuwa wenye jibu jepesi hawatakuonyesha kasoro yoyote. Ili hatua zionekane kwa vitendo, nitajenga jamii moja ya kubuni, Wahoru, wavuna chumvi wanaoishi kando ya ziwa liitwalo Ilao, na kila uamuzi wao nitauweka karibu na desturi za watu halisi, kwa sababu desturi za kweli zimeshajaribiwa na vizazi vingi na zina mengi ya kumfundisha mbunifu.

Hatua ya kwanza: Amua jina linafanya kazi gani

Kabla ya kutafuta sauti, jiulize kwa nini jamii yako inataka kujua baba wa mtu. Miongoni mwa Wasomali, mtoto hufundishwa abtirsi, yaani mnyororo wa mababa zake hadi kwa mwanzilishi wa ukoo, na wapo wanaoukariri kwa vizazi vingi bila kusita. Mnyororo huo una kazi nzito: unaonyesha ni nani watakaosimama na mtu akiwa na kesi, na ni nani watakaochangia diya akiua au kuipokea akiuawa. Kinyume chake, nchini Aislandi leo mambo ya mirathi na sheria yanaendeshwa kwa daftari la serikali, na jina la mtu linataja mzazi mmoja tu kwa kawaida. Urefu wa jina hufuata uzito wa kazi yake.

Kwa hiyo andika sentensi hii katika daftari lako na uikamilishe: "Katika nchi hii, mtu asiyeweza kumtaja baba yake hukosa…" Ukishindwa kuimalizia, jina la baba litabaki pambo, na ni afadhali uwape watu wako jina moja tu.

Kwa Wahoru nimeamua hivi. Mashamba ya chumvi ya Ilao hayana mipaka ya kudumu, kwa sababu maji huyafunika kila masika. Kiangazi kinapoanza, kila anayetaka kuvuna husimama mbele ya wazee na kutamka jina lake, la baba yake na la babu yake. Wazee wakikumbuka kwamba baba au babu huyo aliwahi kuvuna, msemaji hupewa fungu lake. Familia iliyohama ikakaa mbali kwa vizazi viwili hupoteza haki hiyo, kwa sababu hakuna jina katika yale matatu ambalo wazee wanalitambua. Tayari jina limefungamana na riziki, na hadithi inaweza kuanza hapo hapo.

Hatua ya pili: Tengeneza kiungo

Kiungo ni kile kinacholiunganisha jina la mtoto na la baba, na mwandishi ana njia kadhaa za kukiunda. Kinaweza kuwa neno linalojitegemea, kama bin na binti za pwani yetu (ambazo Wamalesia nao wanazitumia, yaani zote mbili, kwa umbo hilo hilo), arap ya Wakalenjini, ole ya Wamasai au wa ya Wakikuyu. Kinaweza kuwa kiambishi mwishoni mwa jina la baba, kama -son na -dóttir za Aislandi, au -ovich na -ovna za Urusi. Kinaweza pia kutokuwepo kabisa: Waethiopia, Wasomali na Watanzania wengi huliweka jina la baba baada ya la mtoto bila neno lolote katikati. Hata mpangilio wenyewe haulazimiki kuwa mtoto kwanza, baba baadaye. Wamongolia hulitanguliza jina la baba, na bingwa wa sataranji wa India Kusini, Viswanathan Anand, anaitwa Anand; Viswanathan ni baba yake.

Ukishachagua, fanya jambo ambalo waandishi wengi hulisahau: kiache kiungo kiliguse jina. Katika lugha hai, maneno mawili yanayotamkwa pamoja kila siku hayabaki salama. Rais wa pili wa Kenya alijulikana kama Daniel Toroitich arap Moi, ilhali baba yake aliitwa Kimoi. Silabi ya mbele huanguka jina linapoingia baada ya arap. Rais wa Aislandi wa mwaka 1980 hadi 1996, Vigdís Finnbogadóttir, ni binti wa Finnbogi, na irabu ya mwisho ya jina la baba imebadilika kwa sababu sarufi inadai hivyo. Huko Wales, ap Hywel ilitamkwa kwa haraka mpaka ikawa Powell, ap Rhys ikawa Price, na ab Owain ikawa Bowen. Mabadiliko madogo kama haya, yakifuata kanuni moja bila kuyumba, humfanya msomaji aamini kwamba lugha yako ilikuwepo kabla ya kitabu chako.

Kiungo cha Wahoru ni em mbele ya irabu na e mbele ya konsonanti. Binti aitwaye Belesi, ambaye baba yake ni Ashume na babu yake ni Kodari, ataitwa Belesi em Ashume e Kodari.

Swali la jinsia liamuliwe hapa pia. Jamii nyingi hutenganisha: bin na binti, Mac na Nic kwa Waayalandi, -vich na -vna kwa Warusi. Nyingine hazitenganishi. Uamuzi huu usiufanye kwa ajili ya mlio. Rudi kwenye kazi uliyoipanga. Kwa kuwa wanawake wa Kihoru huvuna chumvi kwa haki ile ile ya wanaume, nimewapa kiungo kimoja. Na desturi hubadilika: tangu sheria ya mwaka 2019, Mwaislandi ambaye jinsia yake haikuandikishwa kuwa ya kike wala ya kiume anaweza kutumia -bur, neno linalomaanisha mtoto, mahali pa -son au -dóttir.

Hatua ya tatu: Hakikisha jina linasogea

Hapa ndipo majengo mengi hubomoka, na kwa bahati nzuri tuna mfano bora nyumbani. Said bin Sultan, aliyeufanya mji wa Zanzibar kuwa makao yake, alifariki mwaka 1856. Baada yake Zanzibar ilitawaliwa kwa kufuatana na wanawe wanne: Majid bin Said, Barghash bin Said, Khalifa bin Said na Ali bin Said, mpaka mwaka 1893. Mgeni akiyaona majina hayo manne angedhani "bin Said" ni jina la nasaba ya kifalme. Lakini aliyefuata ni Hamad bin Thuwaini, mjukuu, na Said ametoka kwenye nafasi ya pili kwa sababu baba wa Hamad ni Thuwaini. Nasaba yenyewe ina jina lake, Al Busaid, na hilo halisogei. Ukitaka kumfikisha sultani wa mwisho, aliyepinduliwa Januari 1964, kwa babu yao huyo, itakubidi upande ngazi zote: Jamshid bin Abdullah bin Khalifa bin Harub bin Thuwaini bin Said.

Chora basi mti wa familia moja yenye vizazi vinne na angalau watu kumi na wawili, uandike jina kamili la kila mmoja. Kodari alizaa Ashume. Ashume alizaa Belesi na Tamiro, nao ni em Ashume e Kodari wote wawili. Tamiro akimzaa Doru, huyo ni Doru e Tamiro em Ashume, na Kodari ameondoka kwenye jina, ingawa pengine bado yu hai na ameketi mlangoni. Shangazi na mpwa wake hawana tena sehemu ya pili inayofanana. Hilo litakusumbua mwanzoni ikiwa umezoea majina ya ukoo, na usumbufu huo ni dalili kwamba unaifanya kazi vizuri.

Hatua ya nne: Pima hazina ya majina ya kwanza

Katika mfumo huu majina ya kwanza ndiyo malighafi ya majina mengine yote, kwa hiyo idadi yake ina matokeo yanayoweza kuhesabiwa. Tuseme Wahoru wana majina ya kiume 20 tu. Jina la mtu pamoja na la baba yake linatoa michanganyiko 400. Katika mji wenye wanaume 2,000, hata majina yangegawanywa sawasawa, kila mchanganyiko ungebebwa na watu watano. Ukiongeza jina la babu unapata michanganyiko 8,000, na mkanganyiko unapungua sana, ingawa hauishi kwa sababu watu hupenda baadhi ya majina kuliko mengine.

Kanuni za kumpa mtoto jina huukaza au kuulegeza mnyororo huo. Wakikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la baba wa baba yake, na wa pili jina la baba wa mama yake, hivyo jina huruka kizazi na kurudi. Zanzibar imewahi kuwa na Rais Abeid Amani Karume na, miongo mitatu baadaye, mwanawe Rais Amani Abeid Karume: mtoto amepewa jina la babu, na majina mawili ya mbele yamebadilishana nafasi. Wayahudi wa Ashkenazi, kwa upande wao, huepuka kumpa mtoto jina la ndugu aliye hai. Kanuni hiyo nimeiazima kwa Wahoru, kwa sababu inamaanisha kwamba jina la Kodari halitasikika kwa mtoto yeyote wa familia hiyo mpaka mzee huyo afariki, na kwamba mjukuu atakayezaliwa mwaka wa msiba atakuwa na deni la heshima tangu siku ya kwanza.

Pale majina yanapokuwa machache mno, watu hubuni lakabu, na lakabu hizo hupanda hadi ikulu. Rais wa Somalia wa mwaka 2017 hadi 2022, Mohamed Abdullahi Mohamed, anajulikana zaidi kwa jina Farmaajo, lenye asili ya neno la Kiitaliano la jibini. Amua mapema kama jamii yako inaruhusu lakabu mbele ya wazee au kwenye maandishi ya hukumu, maana utazihitaji.

Hatua ya tano: Mwanamke, ndoa na watoto wake

Kanuni ya jumla ni nyepesi: mahali ambapo jina linasema mtu ni mtoto wa nani, ndoa haina cha kubadilisha, kwa kuwa kuolewa hakumpi mwanamke baba mwingine. Samia Suluhu Hassan ni binti wa Suluhu, na ameolewa bila kuliacha jina hilo. Wanawake wa Ethiopia na Somalia nao hubaki na majina ya baba zao. Nchini Aislandi nyumba moja inaweza kuwa na majina manne ya pili: baba Jónsson, mama Einarsdóttir, mtoto wa kiume Ólafsson na wa kike Ólafsdóttir, ikiwa baba mwenyewe anaitwa Ólafur.

Mambo huwa magumu mtu anapovuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Salme binti Said, binti wa yule yule Sultani Said, aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akawa Emily Ruete. Jina lake la kuzaliwa liliacha kutumika pamoja na jina la baba, na mtu aliyekutana naye Hamburg hakuweza kukisia nasaba yake kwa kusikia anavyoitwa. Ikiwa hadithi yako ina ndoa ya namna hiyo kati ya mataifa mawili, usiipite kwa sentensi moja. Mpe mhusika nafasi ya kusikia jina lake jipya likiitwa na kuchelewa kuitikia.

Hatua ya sita: Wale ambao kanuni haiwafikii

Hii ndiyo hatua ninayokusihi uipe muda mrefu kuliko nyingine zote. Andika orodha ya watu wafuatao na uamue kila mmoja ataitwaje: mtoto wa nje ya ndoa, mtoto wa kulea, yatima aliyeokotwa, mgeni aliyehamia, mtumwa aliyeachwa huru, na mtu aliyekanwa na baba yake. Namna jamii inavyowaita watu hawa ndiyo sura yake halisi, na mara nyingi mhusika mkuu wa hadithi atatoka miongoni mwao.

Kwanza, jina la mama. Jamii nyingi za jina la baba huwa na mlango mdogo wa jina la mama, na si kila mara mlango huo ni wa aibu. Mfalme Svend wa Denmark, aliyeanza kutawala mwaka 1047, aliitwa Estridsen, mwana wa Estrid, kwa kuwa haki yake ya kiti ilipitia kwa mama yake, dada wa Mfalme Knud, wala si kwa baba yake Ulf. Nabii Isa katika Kurani anatajwa kuwa mwana wa Maryamu. Muhammad, mtoto wa Ali bin Abi Talib asiyezaliwa na Fatima, alijulikana kama Ibn al-Hanafiyya kwa sababu ya mama yake, na kwa jina hilo akatofautishwa na ndugu zake Hassan na Hussein. Jina la mama linaweza basi kudai haki, kutukuza au kutofautisha tu. Amua lipi kati ya hayo linafanyika kwako, na usikimbilie aibu kwa sababu tu ndiyo inayotegemewa.

Pili, mtoto wa kulea. Uislamu ulitoa jibu la wazi katika Suratul Ahzab: watoto waitwe kwa baba zao waliowazaa. Zayd, aliyelelewa na Mtume na kuitwa Zayd bin Muhammad, alirudi kuwa Zayd bin Haritha. Jibu hili linalinda nasaba na mirathi bila kumnyima mtoto malezi. Jamii nyingine humwandika mtoto chini ya mlezi na kulifuta jina la awali kabisa. Majibu haya mawili huzaa hadithi tofauti: katika la kwanza mtoto anajua asili yake kila anapoitwa, na katika la pili siri inaweza kukaa miaka mingi kabla ya kutoboka.

Tatu, mgeni na aliyeachwa huru. Mtu anayeingia katika dini ya Kiyahudi huitwa mwana au binti wa Ibrahimu, na kwa njia hiyo hupewa baba ambaye jamii nzima inamshiriki. Roma ya kale ilichagua njia kali zaidi. Mtu aliyezaliwa huru aliandikwa kwa jina la baba yake na herufi f, ya neno mwana; aliyeachwa huru aliandikwa kwa jina la bwana wake wa zamani na herufi l, ya neno mwachwa huru. Tiro, mtumwa wa Marcus Tullius Cicero, alipoachwa huru akawa Marcus Tullius Tiro. Herufi moja juu ya jiwe la kaburi ilitosha kumweleza mpita njia hali ya marehemu na alikotoka.

Sasa Wahoru. Kila mtoto wao, mwenye baba na asiye na baba, hubeba jina la mama yake utotoni, kwa kiungo o: Doru ni Doru o Lireni mpaka kiangazi cha kwanza atakapoingia ziwani kuvuna. Siku hiyo baba humshika mkono, wakaingia majini pamoja, na baba hutamka kwa sauti jina jipya la mtoto. Desturi hii ina jamaa yake katika ulimwengu wa kweli, kwani kwa Wakalenjini wa zamani kijana alianza kuitwa arap baada ya kutoka jandoni. Faida yake kwa mwandishi ni kwamba utotoni hakuna anayejulikana kwa jina kuwa hana baba. Tofauti hufichuka siku moja, mbele ya watu wote, pale kijana asiye na wa kumshika mkono anapobaki ufukweni. Tangu hapo o yake, ambayo jana ilikuwa ya kila mtoto, inamtangaza.

Je, kijana huyo atavunaje, ikiwa haki ya chumvi inataka jina la baba na la babu? Nimewapa wazee uwezo wa kumtamkia mtu em Ilao, yaani mtoto wa ziwa, na uwezo huo unawahusu pia wageni. Aliyetamkiwa hivyo huvuna, na watoto wake huwa na haki kamili kwa jina lake. Lakini sehemu ya tatu ya jina lake haipo, kwa kuwa ziwa halina baba, na katika kutamka majina mbele ya wazee yeye humaliza mapema kuliko wenzake. Huo ukimya mfupi unaweza kubeba sura nzima ya riwaya, na usingepatikana kama nisingeanza na swali la chumvi.

Hatua ya saba: Namna ya kuitana

Jina lililoandikwa na jina linaloitwa ni vitu viwili. Warusi humwita mtu wanayemheshimu kwa jina lake pamoja na la baba: mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu ni Valentina Vladimirovna kwa mwanafunzi wake, na Tereshkova magazetini. Waaislandi humwita hata rais wao kwa jina la kwanza, na kitabu chao cha simu kilipangwa kwa majina hayo. Waethiopia humwita mwanariadha Haile Gebrselassie kwa jina Haile. Anayemwita "Bwana Gebrselassie" anamwita baba yake. Kosa hilo hutendwa mara nyingi na wageni kwa nia njema kabisa, na katika hadithi linaweza kumtambulisha mgeni kwa msomaji bila maelezo yoyote.

Usisahau upande wa pili wa kioo, ambapo mzazi huitwa kwa jina la mtoto. Waarabu wana Abu na Umm, na mitaani kwetu mwanamke anaweza kuishi miaka ishirini akiwa Mama Juma bila majirani kulijua jina lake. Jamii yenye jina la baba na desturi hii kwa pamoja huwafunga watu kutoka pande zote mbili. Kwa Wahoru, nimeiruhusu kwa akina mama pekee.

Jina kamili litumike pale penye uzito, na mazungumzo ya kawaida yalidai kidogo kidogo:

"Belesi wa nani wewe?"

"Em Ashume."

"Kina Ashume wako watatu hapa, mwanangu."

"Em Ashume e Kodari."

"Ah! Mjukuu wa Kodari. Sogea kivulini, bibi."

Hatua ya nane: Siku karani anapofika

Hakuna desturi ya majina iliyobaki salama baada ya serikali kutaka kodi na daftari. Amri ya Denmark ya mwaka 1828 ilitaka kila mtoto anayebatizwa apewe jina la familia la kudumu, na familia nyingi zililigandisha jina la baba lililokuwepo siku hiyo. Ndiyo sababu akina Jensen, Nielsen na Hansen wamejaa nchini humo, wengi wao wakiwa na baba asiyeitwa Jens, Niels wala Hans. Uturuki ilidai majina ya ukoo kwa sheria ya mwaka 1934. Mongolia ilipita njia ndefu zaidi: majina ya koo yalipigwa marufuku katika miaka ya 1920, watu wakabaki na jina la baba tu, na yaliporudishwa baadaye wengi waliochagua upya walichagua Borjigin, ukoo wa Chinggis Khan. Gürragchaa, Mmongolia wa kwanza kwenda anga za juu mwaka 1981, alijichagulia jina linalomaanisha anga hizo.

Kwetu mfano uko mbele ya macho. Kambarage alikuwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, kwa hiyo Nyerere ni jina la baba yake mwenyewe. Kwa watoto na wajukuu wa Mwalimu, jina hilo hilo limeshakuwa la ukoo. Badiliko la namna hii hutokea katika kizazi kimoja, mara nyingi mezani kwa karani wa shule au wa kanisa, na wahusika hawalioni likitokea.

Ikiwa hadithi yako inagusa ukoloni, ushuru au vita, amua ni mwaka gani majina yataganda na nani atafaidika. Wahoru wakiandikwa na wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa katika daftari lenye safu mbili tu, jina la babu litaachwa nje, na katika kizazi kimoja wazee watakuwa wakisimamia haki isiyokuwa na maandishi.

Hatua ya tisa: Kuyaingiza katika hadithi

Anza na majina mafupi. Katika sura ya kwanza msomaji asikutane na zaidi ya jina moja kamili, na lije mahali ambapo mhusika mwenyewe analazimika kulitamka: langoni, mahakamani, kwenye posa au msibani. Usifafanue kiungo kwa mabano wala tanbihi. Ukiweka ndugu wawili wenye sehemu ya pili inayofanana, kisha baba yao akitokea kwa jina lake, msomaji wa Kiswahili ataelewa papo hapo, kwa sababu amekua na bin na binti masikioni.

Majina ya wahusika wanaokutana mara kwa mara yaanze kwa herufi tofauti, hata kama mti wa familia unadai vinginevyo. Mjukuu mwenye jina la babu apewe lakabu ya nyumbani mapema. Weka pia daftari la majina lenye safu za jina la kwanza, baba, babu, mama, namna anavyoitwa na wakubwa, na namna anavyoitwa na wadogo, na ulifungue kila unapohariri. Mwishoni, msomee mtu asiyeijua hadithi ukurasa wenye mazungumzo ya watu watatu na umwombe aseme nani ni mtoto wa nani. Akikosea, tafuta mahali ambapo mhusika angeulizwa swali hilo kwa kawaida, na uandike hapo mtu wa kumuuliza.